Mstari wa Sitini na Moja

4 Februari

Dada Shoto,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima na kikohozi kimekuachia. Sisi tupo, ila jicho la kulia la Mama Mkubwa sasa linaona mwanga tu, sura halioni. Daktari amesema la kushoto tulitunze kama yai. Mama Mkubwa akamjibu, "Hilo la kushoto ni la mwanangu wa kushoto, haliniangushi." Nilidhani daktari ataduwaa, nikaanza kumweleza kwamba nyumbani kuna binti anayetumia mkono wa kushoto, aliyeko mbali akichunguza viini vya atomu. Daktari akadakia, "Aa, yule!" Kumbe ameshasimuliwa. Mtaa mzima umeshasimuliwa. Fundi cherehani wa mbele ya nyumba hawezi kunipima sketi bila kuniuliza umefikia wapi.

Simu bado Mama Mkubwa anaikataa. Anasema simu ni upepo, karatasi unaweza kuilalia. Basi tuendelee hivihivi, wewe uandike, mimi nimsomee.

Kazini ni yaleyale, mafaili ya likizo, karatasi na karatasi. Nimebadilishiwa chumba, hiki cha sasa kina dirisha dogo na mlango wa chuma. Kabla ya kupewa funguo nilijaza fomu ya kurasa tatu yenye maswali mpaka ya ukoo. Mkuu wa Kumbukumbu, ambaye sisi makarani tunamwita Muhuri kwa sababu kila neno analikandamiza mara mbili, alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. Wiki iliyopita alitusomea ukurasa wa ripoti ya kundi lenu ili tuone maana ya kuandika kwa usafi. Chini palikuwa na jina lako. Nilisikiliza kama wengine.

Mama Mkubwa anataka kujua hasa unafanya nini huko, na anakusalimu mara tatu. Ya nne kasema niiweke akiba.

Mdogo wako,
Makini


27 Februari

Makini wangu,

Marahaba, mdogo wangu, marahaba sana. Kikohozi kimehama, sasa kimepanga kwa mwenzangu wa meza ya pili. Mlango wa chuma kwa mafaili ya likizo! Nani anaiba likizo huko kwenu? Mwambie Muhuri mimi nina siku kumi na nne sijazitumia, azifungie humo zisipotee.

Umeandika kwamba Mama anataka kujua hasa ninafanya nini. Msomee hapa polepole.

Mama, simama mbele ya kioo uinue mkono wa kulia. Yule wa kwenye kioo anainua wa kushoto. Ile nguvu kali inayoshikanisha kiini cha atomu kisisambaratike haijali kabisa. Ukiigeuza dunia yake kwa kioo, inafanya kazi vilevile. Tunauita ulinganifu. Kila kipimo mpaka leo kinasema nguvu hiyo haina mkono wa kulia wala wa kushoto. Lakini hesabu zake zenyewe zimeacha mlango wazi kidogo, na hakuna anayejua kwa nini haupitwi. Huenda viini viwili vikigongana kwa kasi ya kutisha, katika ule moto wa nukta isiyohesabika, kinatokea kipande kidogo kinachopendelea upande mmoja. Kikitokea, chaji chanya zitakimbilia huku na chaji hasi kule.

Hapo nyumbani, kwenye lile duara la chini ya ardhi la taasisi ya Makini, waligonganisha mapacha: viini vya aina mbili vyenye uzito sawa, ila pacha mmoja ana protoni arobaini na nne na mwenzake arobaini. Mwenye nyingi ana sumaku kubwa zaidi, kwa hiyo kama kioo kinadanganya, kwake kitadanganya zaidi. Sisi makundi matano tunachambua tukiwa tumefungwa macho. Tunapewa mafungu sitini ya vipimo bila kuambiwa fungu lipi ni la pacha yupi, kwa sababu mtu akijua anachokitafuta, atakiona tu. Siku ya mwisho bahasha ya ufunguo itafunguliwa mbele ya wote.

Mama, usijali kama hukuelewa. Hata mimi asubuhi nyingine sielewi.

Haya, sasa hili ni lako peke yako, Makini, ukimsomea Mama liruke. Barua yako ilikuwa na maneno ya Mama mistari mingi, na nilipoifikia ile ya yai nililia kama mjinga kazini. Wewe unamshika mkono kwenda kwa daktari. Wewe unajua jicho lipi. Mimi mwenye mama nahadithiwa mama yangu. Wakati mwingine nakuonea kijicho mpaka nashindwa kula. Usinicheke.

Dada yako,
Shoto


22 Machi

Dada Shoto,

Shikamoo. Habari za nyumbani ni njema. Bomba la jikoni limetengenezwa, mpangaji wa chumba cha nyuma amehama na redio yake, na Mama Mkubwa ameongeza kilo mbili. Nilimsomea maelezo yako mara mbili. Akaniuliza, "Kwa hiyo anatafuta kioo chenye dosari?" Nikasema ndiyo. "Akikipata?" Nikasema ataandikwa kila mahali. Akaomba nimsomee mara ya tatu.

Maelezo yako ni mazuri. Kitu kimoja tu: mwenye protoni nyingi hana "sumaku kubwa" kama kitu alichokibeba, uga wa sumaku unazaliwa pale wanapopishana. Utanisamehe. Swali la kioo kwenye mtihani wetu wa mwisho lilinipa alama zote, kama unakumbuka. Wewe ulilikosa.

Mama Mkubwa huwaambia wageni kwamba barua yako ya kuomba ile nafasi moja ya masomo ilikuwa safi mpaka waliokuchagua wakashangaa. Sijawahi kumkatiza. Ni kweli ilikuwa safi. Niliinakili mimi, kwa sababu mwandiko wako ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino, na yangu niliinakili baada ya yako, nikiwa nimechoka.

Kuhusu kijicho, sina la kusema. Sikujua kwamba mtu wa mbele naye hugeuka nyuma.

Mdogo wako,
Makini


18 Aprili

Makini,

Marahaba. Umenirekebisha na umepatia, na nimekasirika nusu siku. Nimeshasahihisha hata kwenye andiko la kundi. Kiongozi wetu kauliza nani kaniamsha, nikasema ni mdogo wangu karani. Kaguna, "Karani gani huyo?" Nikajivuna kama tausi.

Habari za huku: nimekosana na mwenye nyumba kwa ajili ya mlango unaolia, tukapatana. Nimeshona koti. Kazi ndiyo inaninyima raha, na sina wa kumwambia, maana wenzangu watasema naona mizimu. Nakwambia wewe kwa kuwa huko kwenye likizo zako haidhuru.

Nimeyapanga mafungu sitini kwa kipimo changu, na hayako sawa, Makini! Mengine yako juu kidogo, mengine chini kidogo, kama watu wa koo mbili waliokaa benchi moja. Nakuandikia mstari mzima, utazame kwa macho yako ya mtihani: juu, juu, chini, juu, chini, chini, chini, juu, chini, juu, juu, chini... (yote sitini nimeyaweka kwenye karatasi ya pili). Huenda ni kile tunachokitafuta. Huenda ni kosa langu. Kila asubuhi naamka na jibu tofauti. Ningekuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia "endelea" au "acha", ningemfulia nguo mwaka mzima.

Mbusu Mama kwenye jicho la yai.

Shoto


10 Mei
(Haikutumwa)

Dada,

Barua hii sitaitia kwenye sanduku, kwa hiyo naweza kusema.

Sipo kwenye mafaili ya likizo. Tangu Januari mimi ndiye karani wa ufunguo. Nilichukua daftari la zamu la waendeshaji mashine na kuandika orodha: mzunguko huu, yaani fungu hili, ni wa pacha wa kwanza, ule wa pacha wa pili, yote sitini. Orodha iko kwenye bahasha yenye lakiri, na nakala iko kwenye kabati langu. Watu wanaoijua ni Muhuri na mimi.

Kwenye fomu waliuliza, "Je, una ndugu katika kundi lolote la uchambuzi?" Niliandika "Hapana". Sikuandika hivyo ili nipate kazi, ningepata nyingine. Niliandika kwa sababu nilichoka. Mtaani ni mdogo wa Shoto, kwa daktari mdogo wa Shoto, na pale ofisini palikuwa mahali pekee ambapo nilikuwa mtu mwenye jina lake mwenyewe. Muhuri aliposoma ukurasa wako akatuambia, "Mwandike kama huyu binti," niliona heri nilivyoandika.

Sasa umenitumia mstari wako. Nilipaswa kuuchana kabla ya kuumaliza. Niliuweka juu ya nakala yangu.

Mpaka mzunguko wa ishirini na mbili, vinakwenda pamoja kama meno ya zipu. Kila "juu" yako ni pacha mwenye protoni nyingi, kila "chini" ni mwenzake. Kisha kuanzia wa ishirini na tatu vinatengana, huku juu kule chini, bila mpango. Nikafurahi, Shoto. Nakuandikia hivyo kwa sababu hutasoma. Nilijiambia: ameona mizimu kweli.

Halafu nikajaribu kuusogeza mstari wako hatua moja. Ukaingia. Wote, mpaka mwisho. Ilikuwa kama shati lililokosewa kifungo kimoja.

Nilikwenda kwenye daftari la zamu. Mzunguko wa ishirini na tatu mashine ilijazwa, na dakika sita baadaye chembe zote zikamwagika kabla hazijagongana. Waendeshaji wakaandika kwa penseli pembeni, "Umemwagika, haumo." Wakaanza upya. Mimi niliuhesabu. Nilipomaliza kunakili Januari nilipata mistari sitini na moja, na mafungu ni sitini. Muhuri alikuwa mlangoni akisema, "Tayari? Tayari?" Niliogopa kumwambia nirudie. Nikakata mstari wa sitini na moja, wa mwisho, hesabu ikalingana, nikatia sahihi.

Kwa hiyo ufunguo ulioko kwenye bahasha ni mbovu kuanzia ishirini na tatu. Siku ya kuufungua, koo zako mbili zitachanganywa, ziuane, zitoe sifuri. Wewe na makundi yote mtaambiwa hakuna kitu, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba mmeambiwa uongo. Isipokuwa mimi.

Nimekaa na jambo hili siku nne. Nikisema, nitafukuzwa. Nisiposema, hutaandikwa kila mahali. Naogopa jinsi hilo la pili lisivyonitisha.


2 Juni

Dada Shoto,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi nyingi ya mwisho wa nusu mwaka. Mama Mkubwa hajambo. Amepata fimbo nyepesi, anaitumia zaidi kumwonyeshea fundi cherehani mahali pa kusimama. Juzi walibishana. Fundi akasema, "Mama, huyu wa nyumbani naye si ni mtoto mzuri, mbona humsifu?" Mama Mkubwa akasema, "Huyu simsifu, huyu ninaye." Sikujua niliweke wapi neno hilo. Mpaka leo ninalo mkononi.

Ile karatasi yako ya pili sikuweza kuisaidia. Nadhani usinitumie tena mambo ya kazi. Hapa wana kanuni.

Koti lako ni la rangi gani? Mama Mkubwa anauliza.

Makini


24 Juni

Makini,

Koti ni la kijivu. Hiyo ndiyo barua uliyoniandikia baada ya wiki sita? Nimekufungulia kifua, unaniuliza rangi? "Nadhani usinitumie tena." Unaongea kama Muhuri.

Nakujua. Ukiwa na hasira unakuwa na adabu. Hata ile siku majibu ya nafasi yalipokuja, ulinipongeza kwa sentensi nne zilizonyooka, ukaenda kufua mashuka yote ya nyumba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilitaka unipige kofi tuishe.

Haya, habari yenyewe: makundi matano yamepiga kura nani asimame siku ya kufungua bahasha, asome matokeo ya wote. Wamenichagua mimi, mdogo wangu. Itoke sifuri, itoke mwezi na nyota, ni mimi nitakayesimama. Itakuwa Septemba, hapohapo kwenye taasisi yenu, ukumbi mkubwa, na Mama atakaa mbele. Nimeshawaandikia wamwekee kiti. Niambie avae nini. Na wewe ukae naye, umnong'oneze, maana hataona.

Usininyime furaha hii. Nyingine zote ninyime.

Shoto


14 Julai

Dada Shoto,

Shikamoo. Mama Mkubwa ni mzima. Barua yako ya Juni ilifika tarehe sita. Nakuomba usome hii ukiwa umekaa.

Mimi ndiye karani wa ufunguo. Sikukwambia kwa sababu haikuruhusiwa, na kwa sababu kwenye fomu ya Januari nilisema sina ndugu katika makundi. Huo ulikuwa uongo. Mstari wako wa Aprili uliniwezesha kuona kwamba ufunguo nilioutia sahihi ulikuwa na kosa langu: niliuhesabu mzunguko uliomwagika, orodha yote iliyofuata ikasogea hatua moja, na ili idadi ilingane nikakata mstari wa mwisho. Nimelijua hili tangu Mei. Nilinyamaza kwa woga.

Tarehe tisa nilikwenda kwa Muhuri. Nilisimama mbele ya meza yake, akaniambia, "Keti." Nikasema, "Nikiketi sitasema." Akasema, "Basi simama." Nilimweleza mzunguko wa ishirini na tatu. Alileta daftari la zamu mwenyewe, akaweka kidole pembeni, mahali waendeshaji walipoandika kwa penseli kwamba umemwagika. Nilidhani atapiga kelele. Akasema tu, "Sitini na moja. Na mimi nilikuwa mlangoni nakuharakisha."

Ufunguo umesahihishwa mbele ya mashahidi watatu ambao hawamo katika kundi lolote, na umetiwa lakiri upya.

Ililazimu pia niitaje barua yako. Kifungu cha saba kinasema mchambuzi aliyewasiliana na mshika ufunguo, kwa kujua au bila kujua, huondolewa kwenye uchambuzi na kwenye orodha ya wasemaji. Kundi lako litaarifiwa wiki hii. Wamekubali kwamba hukujua. Wamekubali kwamba kipimo chako ulikikamilisha kabla ya yote haya, kwa hiyo kazi ya kundi inabaki. Ni wewe tu unayetoka.

Mimi nimesimamishwa, nangoja uamuzi.

Nimesema kweli, Dada, na kweli ina gharama yake. Natumaini utaliona hivyo siku moja. Mama Mkubwa sijamsomea barua yako yenye habari ya kiti.

Makini


30 Septemba

Makini,

Nilikuja. Wewe hukujua. Nililala siku mbili nyumba ya wageni karibu na kituo cha reli, mtaa wa nne kutoka kwa mama yangu mzazi, na sikubisha hodi kwa sababu wewe ndiye ungefungua.

Niliruhusiwa kuingia ukumbini kama msikilizaji. Nilikaa safu ya mwisho, karibu na mlango wa vyoo, na koti langu la kijivu. Aliyesimama ni yule kijana wa kundi la pili, mwenye sauti ya kutangaza mazishi. Alishika karatasi zangu. Alisoma sentensi zangu. Penye koma yangu alivuta pumzi. Nilimwonea wivu mpaka viatu.

Najua unataka kujua. Kwa ufunguo wako uliosahihishwa, koo mbili zilijitenga safi, watu wakanyanyuka vitini. Kisha kundi la nne likaonyesha kwa nini: pacha mmoja ni mnene kuliko mwenzake kwa ukubwa tu wa umbo, akigongana anatoa chembe nyingi zaidi, na hilo peke yake linatosha kutofautisha juu na chini. Ukilitoa, hakibaki kitu cha kuitwa kitu. Kulia na kushoto ni sawasawa. Mlango uko wazi na hakuna aliyepita, angalau hapa. Ni tokeo zuri. Ni la kweli. Kwa ufunguo wa kwanza tungepata uji, na tusingejua kwamba mapacha wana maumbo tofauti. Umeliokoa jaribio, na kiongozi wangu kasema nikushukuru. Nimekushukuru.

Sasa nakuuliza. Nilikaa na barua yako ya Julai safari nzima ya kurudi. Ulijua tangu Mei. Ukakaa Mei, ukakaa Juni, ukaniuliza rangi ya koti. Tarehe sita Julai ukapata habari kwamba ni mimi nitakayesimama hata ikitoka sifuri. Tarehe tisa ukaenda kwa Mkuu. Siku tatu.

Na kosa lilikuwa kwenye daftari la zamu, kwa penseli, siku zote. Ungeweza kusema, "Nimekumbuka kwamba nilikata mstari." Ni kweli ulikata. Wangelitazama daftari, wangesahihisha, ungepata adhabu ileile ya kukata mstari, na mimi ningesimama pale na Mama mbele yangu. Kanuni iko upande wako, usinijibu kwa kanuni. Umeandika "ililazimu". Nani alikulazimisha?

Sijasema salamu. Mpe Mama, useme zimetoka mbali.

Shoto


19 Oktoba

Dada Shoto,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Mama Mkubwa hajambo. Salamu zako amezipokea. Nimemwambia kwamba ulikuja na hukubisha hodi, na kwa nini. Hajasema nami siku ya tatu leo, ila chakula nikimwekea anakula. Uamuzi umetoka. Sikufukuzwa. Nimewekwa mapokezi, naandika majina ya wageni na saa walizoingia.

Nimeanza jibu lako mara sita. Yale matano yalikuwa na sentensi zilizonyooka.

Hakuna aliyenilazimisha. Muhuri alipoweka kidole kwenye ile penseli na kusema kwamba alikuwa akiniharakisha, alifunga daftari. Alikuwa ameshaandika kwenye karatasi yake, "Karani amekumbuka kosa la unakili." Aliniambia, "Umefanya vema kukumbuka. Nenda." Hakuniuliza nilijuaje. Mlango ulikuwa wazi, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Ulichokisema ndicho kilichokuwa mbele yangu, chote, na kiti cha Mama Mkubwa kikiwemo.

Nikageuka nikasema, "Kuna barua."

Kifungu cha saba nilikuwa nimekisoma siku ile barua yako ya Juni ilipofika, na siku iliyofuata, na asubuhi ya tarehe tisa kabla ya kwenda. Nilijua kinamtoa nani. Muhuri aliuliza, "Barua gani?" akiwa na uso wa mtu anayeomba isiwepo. Ningeweza kusema nimekosea. Nilisema iko kwenye kabati langu, ghorofa ya pili. Akasema si lazima leo, ataiona kesho.

Tangu hapo nimejiambia kwamba nilifanya kwa ajili ya ukweli, na kila nikijiambia nakumbuka ngazi. Ukweli haukunituma mbio, Dada. Kesho ingetosha. Lakini nilizipanda ngazi zile mbili mbili, mimi ambaye ofisi nzima wananicheka kwa kuzipanda nikishika ukuta, na nilizishuka vilevile, karatasi zako mbili mkononi, nikiogopa asije akaamua kutoipokea kabla sijafika.

Makini